Mtoto anunua, mzazi alipa: historia ya bili zisizotarajiwa

Mwezi wa Januari mwaka 2014 kampuni ya Apple ya Marekani ilikubali kuwarejeshea wateja wake fedha zisizopungua dola milioni 32.5. Fedha hizo walitozwa kutokana na manunuzi yaliyofanywa na watoto ndani ya michezo ya simu na tableti, bila ya idhini ya wazazi wao. Makubaliano hayo yalifikiwa na Tume ya Shirikisho ya Biashara, chombo cha serikali ya Marekani chenye jukumu la kuwalinda wanunuzi.

Katika mashtaka yake, Tume hiyo ilieleza kwamba Apple ilikuwa imepokea malalamiko ya aina hiyo yanayohesabika kwa makumi ya maelfu. Mama mmoja alilalamika kwamba binti yake alitumia dola 2,600 katika Tap Pet Hotel, mchezo ambao mtoto huendesha hoteli ya wanyama wa kufugwa. Wanyama hao hawapo, wala hoteli yenyewe haipo. Dola 2,600 zilikuwa za kweli.

Kwa mtazamo wa haraka, kisa hicho ni cha zama za simu za kisasa. Lakini swali lililokuwa mbele ya Tume lina umri mkubwa kuliko simu yenyewe. Mtoto anapouziwa kitu ambacho haelewi bei yake, hasara ni ya nani? Je, ni ya mtoto, ya mzazi, au ya aliyeuza?

Sheria za kale

Mifumo mingi ya sheria duniani ililijibu swali hilo kwa namna inayokaribiana: anayeuza ndiye anayepaswa kuangalia anamuuzia nani.

Katika sheria ya Kiislamu, mali ya mtoto huwa chini ya usimamizi wa walii wake mpaka mtoto abaleghe na aonekane kuwa na busara ya kuitumia. Majalla, mkusanyiko wa sheria za dola ya Uthmania uliokamilika mwaka 1876, uliwagawa watoto katika makundi mawili. Mtoto mdogo asiyeweza kupambanua faida na hasara, mauziano yake ni batili. Mtoto mwenye kupambanua, mauziano yanayoweza kumletea faida au hasara husubiri idhini ya walii wake.

Nchini Uingereza nako mahakama zilishikilia kwamba kijana ambaye hajatimiza umri wa utu uzima, ambao kwa karne nyingi ulikuwa miaka 21, hawezi kudaiwa deni la mkataba isipokuwa kwa mahitaji yake ya lazima. Kesi iliyopata umaarufu ni ile ya Nash dhidi ya Inman, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1908. Fundi cherehani wa London alimdai mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge zaidi ya pauni 120 kwa nguo alizomshonea, zikiwemo vizibao 11 vya mapambo. Baba wa kijana alithibitisha kwamba mwanawe alikuwa na nguo za kumtosha. Fundi alishindwa, kwa kuwa hakuweza kuthibitisha kwamba vizibao hivyo vilikuwa vya lazima.

Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1903 Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya makoloni, liliamua katika kesi kutoka Calcutta kwamba mkataba wa mtu asiyefikia umri wa utu uzima ni batili tangu mwanzo. Mkopeshaji aliyekuwa amemkopesha kijana kwa rehani ya nyumba yake alipoteza madai yake.

Uamuzi huo unaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani sheria hiyo ya India ndiyo iliyotumiwa na utawala wa Kiingereza katika eneo hilo. Sheria ya Mikataba iliyopitishwa Tanganyika mwaka 1961, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara, ilifuata mfano wake. Kifungu cha 11 cha sheria hiyo kinasema kwamba mwenye uwezo wa kuingia katika mkataba ni mtu aliyefikia umri wa utu uzima, na kwamba makubaliano ya asiyekuwa na uwezo huo ni batili.

Busara ya sheria hizi zote ni rahisi kuielewa. Muuza duka anamwona mtoto aliyesimama mbele yake. Akimwona ameshika noti kubwa na anataka peremende za noti nzima, muuza duka mwenye haya humrudisha nyumbani akamwulize mama yake. Asipofanya hivyo, sheria inamwachia hasara yake.

Simu ya nyumbani yafungua mlango

Mpangilio huo ulianza kuyumba simu ilipogeuka kuwa duka. Kwa njia ya simu, muuzaji hamwoni mnunuzi. Tena ankara haiandikwi kwa jina la aliyepiga, bali kwa jina la mwenye simu.

Nchini Marekani mabadiliko hayo yaliletwa na namba zinazoanza na tarakimu 900. Mwaka 1980, baada ya mdahalo wa televisheni kati ya Rais Jimmy Carter na mpinzani wake Ronald Reagan, televisheni ya ABC iliwaalika watazamaji kupiga namba hizo kueleza nani alishinda. Kila simu iligharimu senti 50, na watu wapatao laki 7 walipiga.

Wafanyabiashara waliona fursa. Katika miaka ya 1980 zilizuka huduma za kila aina zilizorekodiwa kwenye kanda: utabiri wa nyota, matokeo ya michezo, mazungumzo ya ngono, na hadithi za watoto. Mtoto aliweza kumpigia simu Baba Krismasi, sungura wa Pasaka au shujaa wa vibonzo, na kila dakika ikahesabiwa. Gharama iliingizwa katika ankara ya simu ya mwezi, na kampuni ya simu ikapata fungu lake.

Matangazo ya huduma hizo yaliwekwa katikati ya vipindi vya watoto vya televisheni. Baadhi ya watangazaji walifika mbali zaidi. Watoto waliambiwa wainue mkono wa simu na kuusogeza karibu na televisheni, kisha milio iliyotoka kwenye televisheni ikaipiga namba yenyewe. Kwa njia hiyo hata mtoto asiyejua kusoma tarakimu aliweza kununua. Mzazi alipata habari mwishoni mwa mwezi, ankara ilipofika.

Mwaka 1991 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilizichukulia hatua kampuni tatu zilizokuwa zikiwalenga watoto kwa huduma hizo. Mwaka uliofuata bunge la Marekani, Congress, lilipitisha sheria maalumu ya namba 900, na mwaka 1993 Tume ilitoa kanuni za utekelezaji wake.

Kanuni hizo zinastahili kukumbukwa, kwa sababu karibu kila suluhisho lililokuja baadaye ni mwangwi wake. Kwanza, mpigaji lazima aambiwe bei mwanzoni mwa simu, kisha apewe nafasi ya kukata bila kutozwa chochote. Pili, ni marufuku kuwatangazia huduma hizo watoto wa chini ya miaka 12, isipokuwa huduma za elimu. Tatu, mwenye simu anayo haki ya kuyapinga malipo, na simu yake haiwezi kukatwa kwa sababu amekataa kuyalipa.

Chura wa mwaka 2005

Kanuni za namba 900 zilitungwa kwa ajili ya simu ya mezani. Miaka michache baadaye watoto walikuwa na simu zao wenyewe mkononi, na bidhaa iliyowavutia haikuwa hadithi tena bali mlio wa simu.

Kampuni ya Jamba ilianzishwa mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 2000. Iliuza milio, picha na michezo midogo ya simu, na nje ya Ujerumani ilijulikana kwa jina la Jamster. Biashara hiyo ilikua kwa kasi, hata mwaka 2004 kampuni ya VeriSign ya Marekani ikainunua kwa dola zipatazo milioni 273.

Bidhaa yake iliyojulikana zaidi ilikuwa chura aliyeitwa Crazy Frog. Asili yake ni kijana wa Kiswidi aliyejirekodi akiiga sauti ya pikipiki, na msanii mwingine wa Sweden akaichorea sauti hiyo kiumbe mwenye kofia ya rubani. Mwaka 2005 tangazo la chura huyo lilirudiwa mara nyingi kila siku katika televisheni za Uingereza, na wimbo wake ukapanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi nchini humo.

Tatizo halikuwa chura, bali namna alivyouzwa. Watoto wengi waliotuma ujumbe mfupi kuagiza mlio mmoja hawakutambua kwamba wamejisajili katika huduma inayotoza kila wiki. Maelezo ya usajili yalikuwepo kwenye tangazo, lakini kwa maandishi madogo chini ya picha. Aliyekuwa na simu ya malipo ya kabla aliona salio lake likiyeyuka. Aliyekuwa na simu ya mkataba, mzazi wake aliletewa bili.

Mwezi wa Septemba mwaka 2005 mamlaka inayosimamia viwango vya matangazo nchini Uingereza iliamua kwamba matangazo hayo yasioneshwe kabla ya saa 3 usiku, muda ambao watoto wengi wamekwisha kulala. Kwa mara nyingine serikali na wasimamizi walikuwa wamelifikia tatizo baada ya fedha kukatwa.

Dakika 15

Duka la programu za simu la kampuni ya Apple lilifunguliwa mwezi wa Julai mwaka 2008, likiwa na programu zipatazo 500. Mwanzoni mambo yalikuwa wazi: programu ni ya bure, au inauzwa. Mwaka 2009 kampuni hiyo iliruhusu mauzo kufanyika ndani ya programu zenyewe, kwanza katika zile zilizonunuliwa, na kuanzia mwezi wa Oktoba katika zile za bure pia. Katika kila mauzo Apple ilibakiwa na asilimia 30.

Uamuzi huo wa Oktoba 2009 uliibadilisha biashara ya michezo duniani. Neno "bure" lilianza kuwa na maana mpya. Mchezo ulichukuliwa bila malipo, lakini aliyetaka kuendelea upesi alihitaji kununua sarafu, almasi au matunda ya kufikirika.

Mfano uliozungumzwa sana ni Smurfs' Village, mchezo wa kujenga kijiji cha viumbe wadogo wa buluu, uliotolewa mwezi wa Novemba mwaka 2010. Mimea ya kijiji ilihitaji muda kukomaa, na mtoto asiyetaka kusubiri aliweza kuiharakisha kwa matunda ya mchezo. Rukwama moja ya matunda hayo iliuzwa kwa dola zinazokaribia 100. Mwezi wa Februari mwaka 2011 gazeti la Washington Post liliandika kuhusu msichana wa miaka 8 aliyetumia dola 1,400 katika mchezo huo. Siku hizo hizo mbunge Ed Markey aliitaka Tume ya Shirikisho ya Biashara ichunguze.

Iliwezekanaje mtoto wa miaka 8 kufungua mkoba wa mzazi wake? Mzazi alipoandika neno lake la siri ili mtoto apate mchezo wa bure, mfumo ulilikumbuka neno hilo kwa dakika 15. Katika dakika hizo mtoto aliweza kununua mara nyingi apendavyo bila kuulizwa tena. Mwezi wa Machi mwaka 2011 Apple ilibadilisha utaratibu, ikaanza kudai neno la siri kwa ununuzi wa kwanza ndani ya mchezo. Hata hivyo neno hilo nalo lilifungua dakika nyingine 15, na kwa mujibu wa Tume, wazazi hawakuelezwa hivyo. Mzazi aliyedhani ameidhinisha ununuzi mmoja alikuwa ameidhinisha yote.

"Nyumba inakaribia kuungua"

Apple haikuwa peke yake. Mwezi wa Septemba mwaka 2014 kampuni ya Google ilikubali kurejesha dola zisizopungua milioni 19. Katika duka lake manunuzi ndani ya programu yalianza mwaka 2011, na mwanzoni hayakudai neno la siri hata kidogo. Lilipoanza kudaiwa, nalo lilifungua nusu saa ya manunuzi huru.

Kampuni ya Amazon iliruhusu mauzo ya aina hiyo mwezi wa Novemba mwaka 2011, pia bila neno la siri. Haikukubali kusuluhishwa, na mwezi wa Julai mwaka 2014 Tume iliifikisha mahakamani mjini Seattle. Bei za vitu vya michezo zilianzia senti 99 hadi dola 99.99 kwa mbonyezo mmoja. Mzazi mmoja alieleza kwamba mtoto wake wa miaka 6 alikuwa akibonyeza vitufe ovyo, kwa kuwa hajui kusoma.

Nyaraka za ndani ya kampuni zilionesha kwamba tatizo lilijulikana mapema. Mwezi wa Desemba mwaka 2011, wiki chache tu baada ya huduma kuanza, meneja mmoja aliandika kwamba manunuzi ya watoto yanawasumbua wateja wengi, na hali akaifananisha na nyumba inayokaribia kuungua. Pamoja na hayo, mabadiliko ya kwanza yalikuja mwezi wa Machi mwaka 2012, nayo yalidai neno la siri kwa manunuzi yanayozidi dola 20 peke yake.

Amazon ilijitetea kwamba iliwarejeshea fedha wateja waliolalamika. Jaji John Coughenour hakuukubali utetezi huo. Katika hukumu yake ya Aprili 2016 alisema kampuni ilikuwa na makosa kwa kuwatoza watu bila idhini yao ya wazi. Kesi ilimalizika mwaka 2017, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya marejesho zilizidi dola milioni 70.

Hoja ya jaji huyo ndiyo kiini cha historia hii. Kurejesha fedha kunamfaa mzazi aliyeiona bili, akaielewa, akajua pa kulalamika na akapata muda wa kufanya hivyo. Kuna wengine wengi waliokatwa dola 3 au 4 wasitambue kamwe. Ndiyo maana sheria ilitaka idhini itangulie malipo.

Uingereza na Ulaya

Upande wa pili wa Atlantiki mambo yalikuwa yale yale. Mwezi wa Machi mwaka 2013 vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kuhusu mvulana wa miaka 5 aliyetumia zaidi ya pauni 1,700 kwa dakika chache, katika mchezo ambao wazazi wake walikuwa wameuchukua bure. Apple iliwarejeshea fedha hizo.

Mwezi uliofuata Ofisi ya Biashara ya Haki ya Uingereza ilianza uchunguzi uliohusisha michezo 38. Mwezi wa Januari mwaka 2014 ilitoa misingi minane kwa watengenezaji wa michezo. Gharama zote zielezwe kabla ya mchezo kuchukuliwa. Mtoto asishawishiwe moja kwa moja kununua, wala kumbembeleza mzazi amnunulie. Malipo yasichukuliwe bila idhini ya mwenye akaunti.

Mwezi wa Februari mwaka huo huo Halmashauri ya Umoja wa Ulaya iliziita kampuni kubwa kwa mazungumzo. Matokeo yake moja yalionekana na kila mwenye simu: michezo inayouza vitu ndani yake haikuitwa tena "ya bure" katika duka la Google barani Ulaya, na mwezi wa Novemba mwaka 2014 neno hilo liliondolewa kwenye kitufe cha duka la Apple. Mwezi wa Septemba Apple pia iliweka utaratibu ambao mtoto akitaka kununua, ombi hutumwa kwenye simu ya mzazi, naye hukubali au hukataa.

Kitufe kilichowekwa mahali pasipofaa

Ingetarajiwa kwamba baada ya mwaka 2014 tatizo lingekwisha. Badala yake lilihamia mahali pengine.

Mchezo wa Fortnite wa kampuni ya Epic Games ulitolewa mwaka 2017, ukapendwa na mamilioni ya watoto. Kuucheza ni bure. Kinachouzwa ni mavazi na michezo ya ngoma za wahusika. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 Epic ilikubali kulipa dola milioni 520 kwa jumla. Kati ya hizo, milioni 275 zilihusu ukiukaji wa sheria ya faragha ya watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarejeshea watu fedha walizotozwa isivyostahili.

Tume ilieleza kwamba Epic ilihifadhi kadi ya mlipaji bila kuulizwa, na kwamba hadi mwaka 2018 mtoto aliweza kununua sarafu za mchezo bila ya mzazi kuidhinisha. Vitufe vilipangwa kwa namna ambayo mchezaji angeweza kutozwa kwa kubonyeza mara moja, hata wakati anajaribu kuuamsha mchezo uliolala au kutazama vazi tu. Malalamiko zaidi ya milioni 1, pamoja na tahadhari za wafanyakazi wenyewe, hayakusikilizwa. Aliyeiomba benki yake imrejeshee fedha, akaunti yake ilifungwa, na vitu vyote alivyonunua vikapotea. Malipo ya kwanza kwa waathirika, zaidi ya dola milioni 72, yalitolewa mwezi wa Desemba mwaka 2024.

Mwezi wa Januari mwaka 2025 Tume hiyo ilifikia makubaliano na kampuni inayosambaza mchezo wa Genshin Impact nchini Marekani. Kampuni hiyo ilitakiwa kulipa dola milioni 20, na ikakatazwa kuwauzia watoto wa chini ya miaka 16 masanduku ya bahati nasibu ya mchezo bila idhini ya mzazi.

China ilichagua njia nyingine. Kanuni zilizotolewa mwezi wa Novemba mwaka 2019 ziliweka kikomo cha fedha zenyewe. Mtoto wa chini ya miaka 8 haruhusiwi kulipa kitu katika mchezo wa mtandaoni. Wa miaka 8 hadi 16 asizidishe yuan 200 kwa mwezi, na wa miaka 16 hadi 18 asizidishe yuan 400. Njia hiyo inazuia hasara kubwa, ingawa inadai kila mchezaji ajitambulishe kwa jina lake halisi.

Namba ya siri kila mara

Afrika Mashariki iliingia katika malipo ya simu kwa mlango tofauti. Huko watu wengi walianza na vocha, si mkataba wa kila mwezi. Mtoto aliyechezea simu aliweza kumaliza salio lililokuwemo, lakini hakuweza kuleta deni.

Kisha mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaianzisha Tanzania. Katika huduma hiyo kila anayetuma fedha au kulipa huandika namba yake ya siri, na kwa malipo mengine huiandika tena. Utaratibu huo ulikwishakuwepo miaka miwili kabla ya Apple kuruhusu mauzo ndani ya michezo ya bure. Wenye maduka makubwa ya programu hawawezi kusema kwamba kuuliza kila mara ni jambo lisilowezekana kibiashara, kwani mamilioni ya watu wenye simu za bei nafuu walikuwa wakiulizwa kila siku, na huduma ikazidi kukua.

Kinga hiyo ina mipaka yake. Mtoto aliyemwona mzazi akiandika namba ya siri anaweza kuikariri. Huduma za ujumbe mfupi zinazokatwa kwenye salio la maongezi hazipitii namba hiyo. Na kwa familia za Waswahili zinazoishi Muscat, Dubai, London au Minneapolis, simu anayopewa mtoto ili atulie mara nyingi ina kadi ya benki iliyohifadhiwa ndani yake, kama ilivyo kwa jirani zao. Kwao, hatua ya kwanza ni kuangalia mipangilio ya simu kabla ya kumkabidhi mtoto, na kudai marejesho mara tu fedha zinapoonekana zimekatwa.

Mzigo wa kuuliza

Katika visa vyote hivi, lawama ya kwanza humwangukia mzazi kwa kutokuwa mwangalifu, na ya pili humwangukia mtoto kwa utundu. Lawama hizo zina ukweli wake. Mzazi ana wajibu wa kujua mtoto wake anafanya nini, na mtoto anastahili kufundishwa thamani ya fedha.

Lakini watoto wa mwaka 1985 hawakuwa watundu kuliko wa mwaka 1908, wala wa mwaka 2010 kuliko wa mwaka 1985. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji alipata njia ya kumuuzia mtoto huku akimwandikia deni mtu mzima. Sheria ya kale ilimlinda mtoto kwa kuuwekea hatari mfuko wa muuzaji. Namba 900, usajili wa milio na akaunti yenye kadi ndani yake viliihamishia hatari hiyo kwenye mfuko wa mzazi, ambaye hakuwepo wakati wa kununua.

Suluhisho lililopatikana kila mara lilikuwa moja, nalo ni dogo: bei itajwe, na mwenye fedha aulizwe kabla ya kutozwa. Mwaka 1993 lilikuwa sauti mwanzoni mwa simu. Mwaka 2014 lilikuwa neno la siri na ombi linalotumwa kwa mzazi. Mwaka 2022 lilikuwa kitufe kisichotoza kwa kuguswa tu. Kampuni hazikuliweka mapema kwa sababu kila swali linaloulizwa kabla ya malipo hupunguza mauzo.

Fundi wa mwaka 1908 alilipa gharama ya kutouliza umri wa mteja wake. Kampuni za sasa nazo zimelipa, lakini baada ya miaka ya mashtaka na kwa malalamiko ya wale waliojua kulalamika. Teknolojia mpya ya kununua itakapofika majumbani, iwe kwa sauti au kwa njia nyingine, jambo la kutazama kwanza litakuwa ni nani anayeulizwa kabla fedha hazijatoka.